Muuguzi wa Kichuguuni

Muuguzi wetu wa Kitahana huandika ujumbe wa simu kama anavyosalimia, kwa kirefu. Mtandao unapatikana juu ya kichuguu cha nyuma ya zahanati tu, hivyo hupanda pale, viatu mkononi, na hakuna daktari wa mjini anayeelezwa ugonjwa wa mtu kabla ya kuulizwa habari za watoto, mbuzi na mvua. Tunamcheka, naye hucheka kutuzidi. Juzi Bibi Maximilla alimwambia amechoka kwenda mjini Kibondo Jumanne kwa kliniki ya sukari, halafu Alhamisi tena kwa ya presha. “Nimechagua sukari,” alisema. “Presha namwachia Mungu.” Muuguzi hakumgombeza. Alipanda kichuguu, akawaandikia madaktari wa kliniki hizo mbili kwenye kundi lao la WhatsApp, salamu kwanza, akasubiri. Majibu yalipoingia, alitia simu mfukoni, akainama kuelekea Kibondo na kupiga makofi taratibu, yale ya salamu zetu za Kiha, kana kwamba wanamwona. “Bibi, zote mbili Jumanne!” Bibi akashika fimbo yake, tayari anaondoka. “Basi Alhamisi yangu imerudi. Maharage yangu shambani yalishadhani nimekufa.”