Kisanduku Nilichokiwekea Alama

Chini ya fomu ya kutuma kazi yangu kulikuwa na kisanduku kidogo, kando yake maneno: nimeendesha majaribio yote ya programu na yamepita. Nikakiwekea alama ya vema. Majaribio yenyewe sikuwa nimeyaendesha.

Ningependa kusingizia umeme, maana hapa Kabezi nilikopanga chumba kila mtu husingizia umeme. Siku ile umeme ulikuwepo. Kompyuta yangu ya mtumba ingehitaji saa tatu kuyamaliza, na mimi nilikuwa na haraka ya kuona jina langu kati ya waliochangia programu ile ya hisabati, programu ya bure ambayo watu wasiojuana, wa kila nchi, huitengeneza pamoja. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa chuo kikuu, nimeandika upya mistari tisa ya msimbo ya kurahisisha vipeuo vya pili ili ifanye kazi haraka zaidi, basi nikajiona mtu wa maana. Wakaipokea.

Jumamosi nikashuka Rumonge kumwonyesha mwalimu wangu wa hisabati wa sekondari. Mzee alifurahi mpaka akamwita mke wake atoke jikoni aje kulisoma jina. Akaniomba nimwekee kwenye kompyuta yake toleo lenye kazi yangu, hata kabla halijatolewa kwa wote. Nikamwekea, nikala samaki wake, nikarudi nimeshiba sifa.

Wiki mbili baadaye, mtu wa mbali nisiyemjua aliyaendesha majaribio niliyoyakimbia. Mistari yangu ilikuwa imesahau kwamba herufi inaweza kusimama badala ya namba hasi. Wakaiondoa kwa upole, hata wakanishukuru kwa kujaribu. Dunia nzima ilinusurika. Kosa lilibaki kwenye kompyuta moja tu, na niliijua iko nyumba gani.

Nilikaa siku nne bila kumpigia simu mwalimu. Nilijiambia kwamba huenda hajaitumia programu ile. Uongo mtupu, nilikuwa naona aibu, na aibu yangu niliithamini kuliko wanafunzi wake.

Nilipokwenda, alikuwa ameshaitumia kutoa korije, yaani majibu sahihi ya zoezi refu, kwa darasa la watoto themanini. Mtu ambaye zamani alikokotoa kila swali kwa mkono wake, safari hii alikuwa ameiamini mashine kwa sababu ya jina langu. Alinisikiliza hadi mwisho, akavua miwani. Hakunigombeza, na ningefurahi kama angenigombeza.

"Mapointi nitarekebisha mimi," alisema. "Lakini iko mutoto moja aliandikaka jibu la kweli, nikamupatia zero. Huyo uende umuambie wewe mwenyewe."

Nilimkuta kwao Kizuka, msichana wa miaka kumi na mitano hivi, akimsaidia mama yake kukamua mawese. Alinawa mikono mara mbili kabla ya kuleta daftari. Katika shule zetu aliyekosa hunakili korije yote kwa wino mwekundu, na yeye alikuwa ameinakili vizuri, kila mstari umepigiwa rula. Jibu lake la kwanza alikuwa amelifuta mpaka karatasi ikakaribia kutoboka.

Nikamweleza kwamba jibu lake ndilo lililokuwa sahihi, kwamba mashine ilikosea, na aliyeikosesha ni mimi, kwa kusema nimekagua nisichokikagua. Nilisubiri akasirike. Yeye alianza kufunua kurasa zilizofuata, moja baada ya nyingine, akiweka kidole kila palipochubuka. Tangu siku ya ile sifuri, kila jibu lake lililofanana na lile alilifuta mwenyewe kabla ya mwalimu kuliona, akaandika jingine.

"Na hizi zingine nilifutaka, dada," aliuliza, "nazo zilikuwa za kweli?"

Nilichukua daftari nikaliinua kwenye jua, ukurasa kwa ukurasa, nikitafuta alama ya majibu yake ya kwanza. Alikuwa amefuta vizuri mno. Mama yake aliacha kukamua, wote wawili wakanitazama wakisubiri niseme, na mimi sikuwa najua.