Kuondoa Sumu

Mwalimu aliyetufundisha upatanishi alikuwa na wimbo mmoja tu: ondoeni sumu kwenye maneno. Mtu akisema, "Jirani yangu ni mwizi," mpatanishi amrudishie hivi: "Kama nimekusikia vizuri, unahisi umepoteza kitu chako." Halafu aulize, "Nimekusikia vizuri?" Tuliimba hivyo wiki nzima katika ukumbi mmoja wa mtaa wa Kampemba, wawili wawili, mmoja akijifanya mgomvi. Mimi ni binti wa fundi wa reli, mwepesi wa hasira tangu utotoni, nikadhani hatimaye nimepata dawa. Nilipewa cheti, na mama yangu akakitundika sebuleni.

Lakini hakuna aliyenifundisha la kufanya na mtu anayekuja bila tone la sumu.

Nilikutana naye mtaa wa Naviundu, mwaka jana. Mjane mmoja alikuwa anagombea nyumba na ndugu za marehemu mumewe, na pande zote mbili zilituomba, mimi na mwenzangu wa kazi, tuje tuwapatanishe. Nyumba yenyewe ni vyumba vitatu vya matofali ya kuchoma. Yeye na mumewe waliyafyatua kwa mikono yao. Tulikaa uani, kuzunguka meza. Mjane alikuwa kwenye kigoda, amevaa nyeusi. Kaka mkubwa wa marehemu, ndiye mtu mwenyewe, alikuja na kreti ya soda, akamfungulia kila mtu chupa yake. Kisha akaomba ufunguo wa nyumba uwekwe mezani ili tuongee kwa amani, na mjane akauweka.

"Mama médiatrice, mpatanishi wetu," kaka alianza, "siye hatuna matata na shemeki. Alilinda mugonjwa, alilia, amechoka. Tunataka tu aende kupumuzika kwabo. Nyumba tutamuchungia."

Kupumzika! Kwao ni kaskazini kabisa, wazazi wake walishakufa, na watoto wake wanasoma hapa hapa mjini. Damu ilinichemka. Nilitafuta sumu ya kuondoa katika yale maneno, sikuiona. Yalikuwa matamu kuliko ile soda. Kwa mafunzo yangu, nilipaswa kumrudishia utamu wake vile vile, na tuandike kwamba wote wanamtakia mjane mapumziko mema. Mwenzangu wa kazi alikuwa tayari anatikisa kichwa kukubali. Nilimchukia hata yeye.

Niliweka chupa chini.

"Kama nimekusikia muzuri, papa," nilisema, "munafukuza huyu mama mu nyumba yenye alijenga na bwana yake. Nimekusikia muzuri?"

Mwenzangu alinikanyaga mguu chini ya meza. Baadaye ofisini walisema nimeegemea upande mmoja, kwamba mtaalamu haongei hivyo. Waseme. Hasira ile sijaimaliza mpaka leo, wala sina haja ya kuimaliza.

Kaka alishusha chupa yake. Kisha akamgeukia mjane, na sauti yake ilikuwa ya upole vile vile.

"Shemeki, sema weye mwenyewe. Si umechoka?"

Mjane akasimama. Alichukua ufunguo mezani, akaufunga kwenye pindo la kikwembe chake, akavuta fundo kwa meno.

"Hapana, miye shiyachoka," alisema, akaingia nyumbani mwake.