Kamanda wa Kirusi Aliyenikosesha Mke

Chekeni tu, aibu ni yangu, lakini hata leo nikikumbuka damu inanichemka, maana watu wa Burumba ndio walionisukuma shimoni halafu wakasimama pembeni kunitazama.

Mzee Wandera, baba yake Nabwire niliyekuwa nikimposa, alinipenda kwa jambo moja: alijua nimesoma Moscow. (Nilifika Kampala, safari ikafutwa, nikarudi kimya. Hakuna aliyeniuliza!) Siku moja pale dukani kwake mama mmoja wa Osieko akamuuzia samaki waliofungwa kwa gazeti la Kirusi, lenye picha ya ofisa mwenye medali kifua kizima. Mzee akalikunjua, akanigeukia. "Mkwe, hapa wameandika nini?"

Kusema "sijui" kungenipunguzia nini? Mimi nikasoma! Nikasema huyu ni kamanda wa makomando, alikuwa mchungaji wa ng'ombe kabla ya kuingia jeshini, akapigana na Wajerumani, anaruka na mwavuli kutoka kwenye ndege na kutua nyuma ya adui, na watu wakaniletea kiti, wakaniletea chai, na kila jioni wakarudi wakidai niendelee, na gazeti lenyewe lilikuwa ukurasa mmoja, sasa ningefanyaje? Nikampandisha cheo. Nikamvusha mto. "Mto gani?" wakauliza. "Mkubwa hivi, kama huu wetu wa Sio," nikajibu. Ili waelewe tu, jamani!

Na mwaka ule mtawala wa Kampala, ng'ambo ya mpaka, alikuwa ametangaza kwamba huku kwetu ni kwake (na silaha zake zilitoka kwa hao hao Warusi). Siku ya soko habari ikazagaa kwamba kamanda wa Kirusi amevuka mto Sio. Akina mama wakajitwika mihogo wakakimbia, maduka yakafungwa, na polisi walipouliza habari imetoka wapi, wale wale waliokuwa wakidai niendelee wakaninyooshea kidole, wote!

Inspekta akanikaba kola mbele ya duka la Mzee. "Wewe jasusi, hii mtu yako inakuja na wanajeshi wangapi?"

"Afande, hiyo ni hadithi tu ya gazeti!"

"Haya, soma sisi tusikie. Askari, andika yote, tutapeleka Nairobi."

Nikamtazama Mzee Wandera. Nikisoma, naozea jela. Nikikataa, Nabwire ndiyo basi tena. Askari akatoa pingu.

"Afande, mimi sijui Kirusi hata herufi moja! Moscow sijawahi kufika!"

Polisi wakacheka mpaka wakaniachilia. Mzee hakucheka. Akasema polepole, "Afadhali ungekuwa jasusi. Jasusi angalau amesoma."

Nabwire aliolewa Namboboto, na Burumba nzima ilikwenda kula pilau, isipokuwa mimi. Tangu hapo nimeapa: nikiulizwa nisichokijua nitasema sijui, hata anayeuliza awe baba mkwe. Ingawa baba mkwe mwenyewe mpaka leo sijampata.