Database iliunganisha protini zangu, kijiji kikaniunganisha na muuguzi

Wakuu, salaam kwenu. Kisa hiki kimenipata mwenyewe, sijaongeza chumvi, na mjomba yupo anaweza kuulizwa.

Nasoma masters, nachunguza protini zinazopeleka taarifa ndani ya seli. Nikapanda kwetu milimani, Same, nimalizie chapter ya mwisho kwa utulivu.

Utulivu gani sasa. Kesho yake ikaitwa msaragambo, kazi ya kijiji kizima, kuzoa tope kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia. Msaragambo haikwepeki hata uwe na degree ngapi.

Na network kwetu inashika ukingoni mwa hilo bwawa tu. Basi asubuhi tope, mchana laptop. Pembeni yangu kakaa Neema, muuguzi wa zahanati, anatuma ripoti zake.

Nikafungua database ya mtandaoni inayoonyesha protini ipi inahusiana na ipi, nikaandika jina la protini yangu. Ikaja picha imejaa mistari. Protini yangu inajuana na kila mtu, utadhani inagombea udiwani.

Nikaandika kwenye chapter kwa kujiamini: hizi zote zinafanya kazi pamoja. Mtaalamu mimi. Nikamtumia supervisor.

Akanipigia simu. "Umebonyeza hiyo mistari uone ushahidi wake? Mingi imechorwa kwa sababu tu majina yametajwa pamoja kwenye paper moja. Rekebisha, la sivyo mwaka huu hu-graduate."

Nikarudi nyumbani mnyonge. Mjomba yuko sebuleni, kavaa koti la kanisani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Kesho tunapeleka posa kwa kina Neema."

"Posa ya nani?"

"Yako. Msaragambo nzima imewaona mmekaa pamoja."

Nilitamani kumpa namba ya supervisor waongee wenyewe. Nikamwambia kukaa ukingo mmoja si ushahidi. Akasema shule imeniharibu, ila posa akakubali isubiri nimalize chapter.

Nikarudi kwenye mistari, nikabonyeza mmoja mmoja. Yenye ushahidi wa maabara ilibaki ya kuhesabu kwa vidole. Chapter ikapita, joho nitavaa, nashukuru sana.

Ikabaki Neema. Nikampigia kumwomba radhi kwa hiyo habari ya posa, nikamhakikishia kwamba hakuna kitu kati yetu. Akaniuliza:

"Si wewe ni mtu wa maabara? Unakataaje kitu ambacho hujapima?"

Hapo, wakuu, akanibana kwa sayansi yangu mwenyewe.

Nilichojifunza: usiamini mstari kabla ya kuubonyeza, na usiufute pia kabla ya kuubonyeza.

Mjomba koti hajavua. Nishaurini hapo chini, hasa mliowahi kupima.