Mama Yangu, Mwenzangu wa Kundi

Mwaka wa mwisho wa chuo nilisoma darasa moja na mama yangu. Yeye aliacha skuli kidato cha pili alipoolewa, akanizaa mimi, na aliporudi masomoni mimi nilikuwa mkubwa. Alianza na madarasa ya jioni, akachukua stashahada, kisha siku moja akaja nyumbani na barua ya kukubaliwa chuo kile kile, fani ile ile ya uongozi wa biashara, na kwa ile stashahada aliingizwa moja kwa moja mwaka wangu. Nilimkumbatia, nikampongeza, halafu nikajifungia chooni nikalia. Nilikuwa naona haya, na nilikuwa naona haya kwa kuona haya.

"Ukishavuka geti la chuo mimi si mama yako," aliniambia. "Mimi mwanafunzi. Usinibebee mkoba wala usinitetee."

Basi yeye akawa anakaa mbele, mimi nyuma. Mhadhiri wetu, ambaye angeweza kuwa mwanawe, alimwamkia shikamoo kila asubuhi kabla ya kuanza kufundisha, naye akaitika marahaba huku anapiga mstari kwenye daftari.

Muhula wa mwisho tulikuwa na somo lisilokuwa na mtihani. Wanafunzi watatu watatu walipewa biashara ndogo ya kweli, wakae nayo muhula mzima, kisha wamshauri mwenyewe namna ya kuiendesha vizuri zaidi. Makundi yalipangwa kwa kura. Mhadhiri alisoma jina langu, la kijana mmoja mpole wa Tumbatu, na la mama. Darasa likaangua kicheko. Mama hakugeuka nyuma. Alisogea kwenye benchi, akatuachia nafasi.

Tulipewa tanuri la mikate ya boflo katika kichochoro cha Mji Mkongwe. Mwenyewe alikuwa mzee aliyelirithi kwa baba yake. Mikate yake ilikuwa mitamu, lakini wateja walikuwa wanamkimbia kwa sababu oda zilichanganyika. Mkahawa ulioagiza mikate mirefu ulipelekewa ya duara. Shughuli ya Ijumaa ililetewa mikate Jumamosi.

Kiongozi wa kundi nilikuwa mimi, na nilifurahi, maana tatizo hili lilikuwa kitabuni. Nikachora njia ya oda tangu inapoingia mpaka inapotoka. Kijana wa Tumbatu akawahoji wateja. Mama alikaa juu ya gunia la unga asubuhi tatu mfululizo, anakunywa chai na yule mzee, wakizungumza habari za watu waliokwisha kufa.

"Mama, unafanya nini lakini?" nilimuuliza tulipotoka. Sharti letu nilikuwa nimelisahau.

"Nnatazama," alisema.

Sehemu yake ya ripoti ilikuja kwa mkono, ukurasa mmoja na nusu. Aliandika kwamba mzee halisomi daftari la oda. Analisogeza dirishani, analirudisha, kisha anamuuliza mteja mwenyewe alisema mingapi. Mkate anaujua kama umeiva kwa kuupapasa na kuunusa. Mwisho aliandika: "Apelekwe kwa daktari wa macho kwanza, mengine baadaye." Mimi niliona si maneno ya kitaaluma. Nikaifuta sehemu yote, nikaandika kwamba oda ziingizwe kwenye simu, na jina la mama nikaliacha kwenye jalada.

Aliikuta ripoti mezani nyumbani, akaisoma yote amesimama, mwiko mkononi.

"Yangu iko wapi?"

"Nimeifupisha, mama."

"Hukuifupisha. Umeitupa, wala hukuniuliza." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Ningekuwa yule kijana ungeniuliza."

Ilikuwa kweli.

Kesho yake nilikwenda tanurini peke yangu. Nikamwonesha mzee simu yangu, nikamweleza jinsi ya kuandika oda, hapa jina, hapa idadi, hapa siku. Aliishika kwa mikono miwili, akainama juu yake, akatabasamu. "Nzuri sana, mwanangu," alisema. "Imepangika vizuri."

Kioo cha simu kilikuwa kimezimika. Kilikuwa cheusi tititi.

Nilikaa kwenye gunia alilokuwa akikalia mama. "Babu," nilisema, "huoni?"

Alinirudishia simu, akapangusa unga mikononi. "Nnaona mwangaza," alisema. "Nnaona kuna mtu. Usiwaambie wanangu, watalifunga tanuri."

Nilirudi nyumbani nikamsimulia mama, nikamwomba radhi. Hakuniambia, "Si nilisema?" Alijitanda buibui, akaenda kuzungumza na mzee mwenyewe, na siku ya tatu yake tukafuatana naye hospitali, sisi watatu na mwanawe mkubwa, ambaye alikuja analia, na tanuri hakulifunga. Ilikuwa mtoto wa jicho. Wakamfanyia upasuaji jicho moja kwanza.

Kwa ruhusa ya mzee tuliiandika ripoti upya, na mbele ya darasa aliyeisoma ni mama. Safari hii hakuna aliyecheka.

Tulipokwenda kumtazama mzee, bandeji ilikuwa imeshatolewa. Alimkazia macho mama, kisha akasema, "Kumbe wewe mtu mzima! Kwa ile sauti mimi nilijua msichana." Mama alicheka mpaka akajifunika uso kwa mtandio. Sikuwa nimemwona akicheka hivyo tangu nilipokuwa mdogo.

Somo lile lilikuwa na fomu moja ya mwisho. Kila mtu aliwapa wenzake alama kwa siri, juu ya kumi. Mama nilimpa kumi. Matokeo yalipotoka nikaona nimepewa tisa na sita, na kijana wa Tumbatu akaniambia ile tisa ni yake.

"Sita, mama?" nilimuuliza nyumbani.

"Ulistahiki tano," alisema, akipakua wali. "Moja nimekuongezea kwa kurudi kule peke yako."

"Mimi nilikupa kumi."

"Hiyo nayo si haki. Siku nyengine ufikiri kwanza." Akanisogezea sahani, na kipande kikubwa cha samaki kilikuwa upande wangu. "Haya, kula."