Rafu ya Vitabu Nilivyosema Nimevisoma

Nianze na rafu yenyewe, maana ndiyo iliyonivisha kilemba cha ukoka. Iko mkono wa kushoto ukiingia tu maktabani, kabla hujaifikia meza yangu. Mume wangu ni seremala, na aliitengeneza kwa mbao zilizobaki kwenye kabati la mteja wake. Ina vyumba vinne: hadithi, afya, historia na mapishi. Juu yake kuna kibao nilichokiandika kwa mkono wangu, kwa herufi kubwa za rangi nyekundu: VITABU NILIVYOVISOMA NA KUVIPENDA. Chini ya kila kitabu kulikuwa na kadi ndogo yenye sentensi mbili tatu na sahihi yangu.

Kwa ajili ya kadi hizo wasomaji walinibandika jina la Mama Kadi, nami nikalipokea kwa meno yote nje. Watu wazima na akili zao walikuwa wakizipita rafu nyingine kama hazipo, wanakuja kusimama pale, wanasoma nilichoandika, wanachukua kitabu, wanaondoka. Mlinzi wetu wa mlangoni akiona mtu anaingia huku anakohoa humwambia, "Kamwone Mama Kadi, dawa yako anayo." Kichwa kilinivimba. Nasema kilinivimba kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na sikuja hapa kujikosha.

Sasa ukweli wenyewe. Vitabu tisa vya kwanza nilivisoma. Nilivisoma jalada hadi jalada, na kimoja nikakirudia. Kisha mama yangu akaugua mwaka mzima, nikawa narudi nyumbani sina nguvu hata ya kushika gazeti. Rafu nayo ilikuwa inangoja, na watu walikuwa wameshazoea kuuliza, "Mama Kadi, mwezi huu kuna kipi kipya?" Siku moja msomaji mmoja alirudisha riwaya, nikamuuliza imemwachaje. Akanieleza kwa dakika tano nzima, anatikisa kichwa, anapiga meza. Alipoondoka nikayaandika maneno yake kwenye kadi, nikatia sahihi yangu.

Ilikuwa rahisi mno. Tangu siku hiyo huo ukawa ndio utaratibu wangu wa kazi: mtu anarudisha kitabu, namuuliza kimemwachaje, anasema, naandika. Kufikia mwaka wa saba rafu ilikuwa na vitabu arobaini na kimoja, na thelathini na viwili kati ya hivyo nilivijua kwa kusikia tu. Hakuna aliyenishtukia. Mara moja tu mke wa mlinzi alipika keki ya kwenye jiko la mkaa kutoka kwenye kitabu nilichokisifu kuwa hakimtupi mtu, na keki ikatoka ngumu, ungeweza kuzuilia mlango. Mlinzi alipokuja kunilalamikia nilimwambia moto wa mkewe ulikuwa mkali. Sikujua kitabu kinasema nini kuhusu moto. Nasikia walinuniana siku mbili, yeye na mkewe, kwa ajili ya moto.

Basi akaja yule muuguzi. Alikuwa msomaji wangu wa miaka mingi, mwanamke wa rika langu, mpole, anayeingia na sare yake ya kazi saa ya chakula cha mchana na kuondoka mbiombio. Aliniamini kuliko nilivyostahili. Alikuwa ameshaazima kwangu kitabu cha maumivu ya mgongo, riwaya tatu, na kitabu cha mapishi ya wagonjwa wa sukari. Siku hiyo alisimama kwenye chumba cha historia.

"Dada, nataka kitabu cha kumsomea baba," alisema. "Jumamosi anatimiza miaka themanini, na macho yake yamekwisha. Ujanani alifanya kazi kiwanda cha nguo."

Nikafurahi, maana kitabu hicho nilikuwa nacho. Kilikuwa historia ya kiwanda hicho hicho, kimeandikwa na mwalimu mstaafu, kina picha za wafanyakazi na habari za ule mgomo ambao watu wazima wa mji wetu bado wanausimulia. Kabla yake kiliazimwa na mtu mmoja tu, aliyekirudisha akaniambia wazee wetu walikuwa watanashati. Kwa hiyo kadi yangu ilisema: Kinawarudishia wazee wetu heshima yao.

"Umekisoma chote?" aliuliza, akikipima kwa mkono. Wala hakuwa ananitilia shaka. Alitaka kujua tu kama kitamalizika kwa siku moja.

"Chote," nikasema. Na kwa kuwa aliendelea kunitazama kwa uso ule wa kuamini, nikaongeza chumvi ambayo hakuna aliyeniomba. "Nilipofika mwisho machozi yalinitoka, dada. Msomee mbele ya watu."

Jumatatu alirudi. Alikaa kwenye benchi mpaka msomaji aliyekuwa mezani kwangu alipoondoka, ndipo akaja, akakiweka kitabu mbele yangu na kukifungua mahali palipokuwa na kipande cha karatasi.

"Tulikuwa watu thelathini sebuleni," alisema kwa sauti ya chini. "Wajukuu wamekaa sakafuni. Nimesoma sura tatu, watu wanacheka, baba naye anaongezea vyake. Nikafika hapa."

Akaweka kidole. Niliusoma mstari ule herufi zikiwa kichwa chini, kutoka upande wangu wa meza. Ulisema kwamba orodha ya viongozi kumi na mmoja wa mgomo ilipelekwa kwa meneja na karani wa ghala, na kwamba wote kumi na mmoja walifukuzwa kesho yake. Kisha ulimtaja karani huyo kwa majina yake yote mawili.

"Nilikuwa nimeshalitamka jina la baba kabla sijaelewa ninachosoma," alisema. "Baba yangu amewaambia wajukuu zake maisha yao yote kwamba alifukuzwa pamoja na wale. Mdogo kabisa ndiye aliyeuliza, 'Babu, huyu ni wewe?'"

Nilitaka ardhi ipasuke. Yeye hakupandisha sauti hata kidogo, na ningeshukuru kama angepandisha.

"Jina la baba yangu liko kwenye kadi yangu ya maktaba. Wewe ndiye uliyeliandika. Umekisoma chote, ukalia, ukaniambia nimsomee mbele ya watu. Tangu Jumamosi najiuliza nimekukosea nini, dada. Niambie tu."

Neno la kumtoa kwenye mateso hayo lilikuwa moja: sijakisoma. Nilikuwa nalo mdomoni. Lakini nyuma yake msomaji mwingine alikuwa ameshaingia na amesimama mbele ya rafu yangu, anasoma kadi, na mimi nikaiogopa aibu yangu kuliko uchungu wa mwenzangu.

"Pole sana," nikasema. "Nilisahau kama limo."

"Ulisahau," alisema. Akaniachia kitabu, akaondoka.

Nilikianza mchana huo huo, kwenye chumba cha nyuma tunakoshonea vitabu vilivyochanika, na kesho yake nikaomba ruhusa ya siku moja nikakimaliza mezani jikoni kwangu. Mume wangu alipita mara mbili akaniuliza kama naumwa, maana hakuwa ameniona na kitabu kwa miaka. Kilikuwa kitabu kizuri, na hilo nalo liliniuma. Kila nilipofungua ukurasa nilikuwa natafuta mstari mmoja wa kumwokoa yule mzee: kwamba alilazimishwa, kwamba alipigwa, kwamba mwandishi hana hakika. Haukuwepo. Nilipofika katikati nikagundua kwamba mstari niliokuwa nautafuta ulikuwa wa kuniokoa mimi. Mwishoni kabisa kulikuwa na kurasa mbili zinazoeleza kila mmoja wa wale kumi na mmoja aliishia wapi.

Siku iliyofuata, baada ya kazi, nilipiga moyo konde nikaenda nyumbani kwao. Muuguzi mwenyewe ndiye aliyefungua mlango, na hakunikaribisha ndani.

"Nina jambo moja, nikilisema naondoka," nikamwambia. "Kitabu sikukisoma. Hata ukurasa mmoja. Sikujua jina la baba limo. Na machozi niliyatunga."



"Na kile cha mgongo?"

"Sikukisoma."

"Na cha mapishi ya sukari? Mimi nilikipeleka wodini. Niliwaambia wagonjwa kuna mtu ninayemwamini amekisoma."

Nilitikisa kichwa. Hapo alicheka kidogo, cheko lisilo na furaha, akaegemea mlango. "Bora ungekuwa na kinyongo na mimi," alisema. "Kinyongo ningekielewa."

Sina la kujitetea juu ya hilo, na sikujitetea. Nilikuwa nageuka niondoke sauti ilipotoka ndani. "Ni yule wa kitabu? Aingie."

Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti cha mkono karibu na dirisha. Vijikaratasi vya rangi vya sherehe vilikuwa bado vimebandikwa ukutani, na hakuna aliyekuwa amepata moyo wa kuvibandua. Hakuna mjukuu aliyeonekana. Aligeuza uso upande wangu bila kuniona.

"Ni kweli kile," alisema kabla sijasalimia. "Sikufukuzwa. Nilipewa cheo kwenye tawi la mbali. Niliporudi mjini baada ya miaka mingi watu walidhani nilikuwa mmoja wa waliofukuzwa, nikawaacha wadhani. Baadaye nikaanza kusema mwenyewe."

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni. Sidhani kama alikuwa ameambiwa hayo kabla ya saa ile.

"Nimekusikia pale nje," mzee aliendelea. "Unawaambia watu umesoma, kumbe hujasoma."

"Ndiyo, baba."

"Wanajua?"

"Binti yako tu. Na wewe."

"Muda gani sasa?"

"Huu ni mwaka wa saba."

Akapapasa mkono wa kiti, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka hapo. "Usiuache ufike wa hamsini, mwanangu," alisema. "Ukifika huko unakuwa umeshazaa watu wanaokuamini."

Nilikosa pa kuutia uso wangu. Nilidhani amemaliza, nikaanza kuaga, ndipo akaniuliza kama kitabu ninacho. Nilikuwa nacho mkobani.

"Wale wenzangu," alisema, "kinasema waliishia wapi?"

Kwa mara ya kwanza katika miaka saba mtu aliniuliza habari za kitabu nikawa na jibu langu mwenyewe. Nikafungua kurasa za mwisho, nikasoma. Wa kwanza alifungua duka la cherehani likamtunza. Wa pili hakupata kazi tena, akawa anachota maji majumbani mwa watu. Wa tatu alifariki mwaka uliofuata, na mkewe akarudi kwao na watoto wanne. Kila jina mzee alilirudia taratibu kwa sauti ndogo, na mimi nikawa namngoja alimalize kabla ya kuendelea. Wa sita alikuwa fundi mitambo, na kitabu kilisema mpaka anafariki alikuwa akiwauliza watu kama karani wa ghala yu mzima, kwa sababu walikuwa marafiki na alitaka kujua kama naye alifukuzwa.

Hapo machozi yalinitoka. Haya hayakuwa ya kutunga, na ndiyo maana nilitamani yasionekane. Binti yake alikuwa ananitazama usoni, na sote wawili tulikumbuka nilichomwambia maktabani.

"Nipe hapa," alisema.

Nikampa kitabu. Alivuta stuli akakaa karibu na magoti ya baba yake, akaanza na wa saba. Mzee akalirudia jina. Nilichukua mkoba wangu nikatoka, na hakuna aliyenisindikiza, wala sikutarajia.

Asubuhi yake nilifika kabla ya mlango kufunguliwa kwa wasomaji, nikang'oa kadi thelathini na mbili na kuvirudisha vitabu hivyo kwenye rafu zake za kawaida. Mlinzi alikuja kuniangalia, akauliza kama tunahama. Nikamwambia. Nilimwambia yote, na la keki pia, kwamba sikujua lolote kuhusu moto wa mkewe. Nilitegemea atacheka, maana yule bwana hucheka hata kwenye misiba. Hakucheka. Alisema, "Mimi nilimgombeza, Mama Kadi," akarudi kwenye kiti chake, na wiki nzima alinisalimia kama anavyomsalimia mgeni. Jioni nilikwenda kwa mkewe kuomba radhi. Alinipokea vizuri kuliko mumewe, na hilo nalo nililibeba.

Wasomaji walipouliza vitabu vimekwenda wapi, niliwaambia. Wengine walisema si kitu. Wengine walikwenda kutafuta wenyewe. Muuguzi bado anakuja saa ya chakula cha mchana, lakini vitabu vyake anaviandikisha kwenye meza ya mwenzangu, na mimi huinamisha kichwa nikijifanya nina kazi.

Siku hizi rafu ya mume wangu ina vitabu kumi. Ni vile tisa, na kile cha kiwanda cha nguo, nilichokiandikia kadi mpya yenye neno moja: Nimekisoma. Juzi mzee mmoja alikichukua, akaitazama kadi mbele na nyuma, akaniuliza mbona sikuandika kama nilikipenda. Nikamwambia akae, kama ana nafasi, nimweleze.