Nilivyounyoosha Mkasi wa Macho

Ndugu zangu, shule niliishia darasa la tatu, lakini kunoa najua. Mikasi ya kupogolea kahawa ya kijiji kizima cha Maguu hupita mikononi mwangu, na uliopinda naugonga juu ya chuma mpaka unyooke. Marehemu baba ndiye alinifundisha, ingawa pombe ilimmaliza, tuyaache hayo.

Juzi hapa alikuja daktari wa macho kwenye zahanati yetu. Mke wangu, Mama Kandida, ana kinyama kimeota jicho la kushoto mpaka halioni, na siku hiyo aliingoja mwaka mzima. Jioni ya kuamkia upasuaji, nesi akaniletea mkasi wa daktari, mdogo kama wa kuchezea watoto.

"Babu, umekuwa butu. Unoe tu."

Nikaunoa. Kisha nikaona ncha zimepinda, nikawasikitikia wasomi wasiojua kutunza vyombo, nikagonga polepole ukanyooka kama msumari. Asubuhi nikajisifu kwa foleni nzima.

Daktari akatoka ameushika.

"Jicho ni mviringo, kwa hiyo mkasi wa kukata kinyama hiki huwa umepinda, upite juu yake bila kulichoma. Ninao huu mmoja tu. Sasa upasuaji mpaka nirudi mwakani. Nani ameunyoosha?"

Mimi nikatazama viatu vyangu. Mama Kandida, kando yangu kwenye benchi, ameshatiwa dawa ya ganzi jichoni, ndiye aliyejibu.

"Ni mume wangu, daktari. Amekaa hapa kushoto, upande nisioona."